Kabla Hamjalipia Kiwanja, Ufuateni Mto

Wachumba wengi wa Dar wanapima ukumbi, gauni na bajeti ya vinywaji. Mhariri wetu na mwenzake waliamua kupima mtaro, na Jumapili moja ikawabadilishia mipango yote.

Mimi na mwenzangu tulikuwa tumeshakubaliana karibu kila kitu. Idadi ya watoto, nani apike Jumamosi, hata nani atawapokea wageni wa kijijini wakija bila taarifa. Tulichoshindwa kukubaliana ni kiwanja.

Kiwanja chenyewe kilikuwa upande wa Kinyerezi, mita 20 kwa 20, kimejaa majani mabichi, na bei yake kama nusu tu ya viwanja vilivyo juu kidogo ya hapo. Dalali alitupeleka mwezi wa pili, jua likiwaka kama limetumwa. Pembeni kulikuwa na kijito chenye maji ya kulowesha nyayo tu. "Huo mtaro tu, wala msiwe na wasiwasi," akasema, "halafu hapa mtapata upepo." Mwenzangu akanitazama kwa macho ya mtu ambaye ameshaiona sebule mpaka rangi ya mapazia. Tukatoa pesa ya kushikia, ile ambayo watu huiita kishika uchumba, tukaahidi kumalizia baada ya wiki mbili.

Usiku ule usingizi ulinigomea. Mwezi wa pili Dar nzima imekauka, nyasi zimekuwa rangi ya karatasi ya kaki. Sasa yale majani mabichi yanapata wapi maji? Asubuhi nikamuuliza mwenzangu. Akanuna. Akasema natafuta sababu. Kidogo tugombane, si unajua tena mambo ya pesa kwa wapendanao.

Basi nikamwambia hivi: Jumapili tusiende ufukweni, tuufuate Mto Msimbazi kuanzia juu mpaka baharini. Kile kijito chetu kinaingia humo. Tukirudi, wewe uamue. Akakubali, kwa masharti kwamba chakula cha mchana nilipie mimi.

Pugu, mto wa kuruka

Tulianza saa mbili asubuhi Pugu, kwenye vilima vya upande wa Kisarawe. Wengi tunaijua Pugu kwa ile shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla hajaacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Ukifika huko unasahau kama uko jirani na jiji. Hewa ni nzito ya majani, ndege wanapiga kelele, na kwa wapenzi wanaotafuta matembezi ya bei poa, hapa ni bomba kabisa.

Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi, kisha unatembea kama kilomita 35 ukilikata jiji mpaka Bahari ya Hindi. Huku juu ni kamto kadogo tu. Mwenzangu alikaruka kwa hatua moja, akageuka akicheka: "Hili ndilo dubwana lenyewe?"

Lakini angalia chini. Pale ambapo msitu bado upo, maji ni kidogo na yana rangi ya chai ya rangi. Pale miti ilipokatwa kwa ajili ya mkaa au ardhi ilipochimbwa mchanga wa kujengea, mteremko umebaki uchi, na mvua ikija inateremka na udongo wake. Mchanga huo haupotei. Unasafiri na mto hadi pale ardhi inapokuwa tambarare na maji yanapochoka kuubeba, halafu unalala hapo. Tutakutana nao tena mbele.

Hesabu ya ndani ya gari

Mwenzangu ni mhasibu. Namba ikipita mbele yake lazima aisimamishe. Tukiwa njiani kuelekea Tabata nikampa kazi: tarehe 21 Desemba 2011 Dar ilipata mvua ya milimita 156 hivi kwa siku moja. Kile kiwanja chetu kingepokea maji kiasi gani?

Hesabu ni rahisi kuliko unavyofikiri. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Zidisha kwa 156, unapata lita 62,400. Yaani matanki 62 ya lita elfu moja, kutoka kiwanja kimoja, siku moja.

Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Na jirani naye ana yake."

Hapo ndipo nilipojua nimempata. Udongo wenye majani hunywa sehemu ya maji hayo, lakini bati halinywi, na pevingi tunazopenda kuweka mbele ya nyumba ili gari isichafuke hazinywi kitu cha maana. Kila nyumba inayojengwa juu ya kilima inageuza kipande cha sifongo kuwa kipande cha sahani. Maji yaleyale ya mvua yanafika bondeni haraka zaidi, na yote kwa wakati mmoja. Kwenye sensa ya 1957 Dar es Salaam haikufikisha hata watu laki moja na thelathini. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa una watu zaidi ya milioni 5.3. Piga picha ya mabati hayo yote.

Wahandisi wanapochunguza kama mifereji ya mji inatosha, kazi yao kwa sehemu kubwa ni hesabu hii hii. Mvua kali kiasi gani, inaangukia eneo kubwa kiasi gani, sehemu gani ya eneo hilo hainywi maji, na mfereji una upana, kina na mteremko gani wa kuyapitisha. Yanayokuja yakizidi yanayopita, tofauti yake inaingia sebuleni kwa mtu.

Mchanga wa Pugu, mtaro wa Kigogo

Tulipita Tabata, tukashuka Vingunguti, tukafika Kigogo jua likiwa utosini. Huku nyumba zimebanana, na mitaro inapita mlangoni kabisa. Tukachungulia mmoja. Nusu yake ilikuwa mchanga, na juu ya mchanga chupa za plastiki, viatu vya watoto na mfuko wa saruji.

Kwa macho unaweza kusema, si haba, nusu nyingine bado iko wazi. Kumbe sivyo. Mtaro wa mita moja kwa mita moja ukijaa mchanga hadi nusu, haupitishi tena nusu ya maji. Unapitisha kama asilimia 40 tu, kwa sababu maji yaliyobaki yanasuguana na sakafu na kuta kwa wingi zaidi na mwendo wake unapungua. Hapo hatujahesabu chupa wala viatu.

Kuna mradi uliofanya kazi ya maana sana mitaani humu, unaitwa Ramani Huria. Ulianza mwaka 2015 na uliwatoa wanafunzi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakatembea na wakazi wa mitaa wakichora ramani kwa simu na droni. Baadaye wakaigeukia mitaro: upana, kina, imejengwa kwa nini, imeziba au haijaziba. Na wakauliza wenyeji swali ambalo hakuna droni inayoweza kulijibu: hapa kwako maji yalifika wapi?

Mama mmoja anayeuza vitumbua alituona tunashangaa mtaro, akatuita kivulini. Tukamwamkia. "Marahaba, wanangu. Mnatafuta nyumba?" Nikamwambia tunatafuta maji yalikofika. Akacheka, akatuonyesha ukuta wa chumba chake. Kulikuwa na mistari miwili, mmoja usawa wa kiuno changu, mwingine usawa wa bega.

"Wa chini ni wa mwaka 2018. Wa juu ni wa 2011, yale mafuriko ya baada ya sherehe za uhuru."

Yale ya Desemba 2011 yalikuja siku chache tu baada ya nchi kutimiza miaka 50 ya uhuru, yakaua watu zaidi ya 40 jijini. Mama akasema yeye alitoka na watoto na godoro moja. Mwenzangu, bila kufikiri, akamuuliza swali ambalo sisi wote wenye mishahara huwa tunauliza: "Sasa mama, kwa nini usihame?"

"Nihamie wapi, baba? Hapa Kariakoo naenda kwa miguu. Mdogo wangu alipewa kiwanja Mabwepande baada ya yale mafuriko. Kiwanja kizuri, lakini nauli ya kuja mjini ikamshinda. Amerudi, amepanga chumba hapo nyuma."

Tukanunua vitumbua kumi. Mwenzangu hakuuliza tena.

Jangwani, pale barabara inapokuwa mto

Kama umewahi kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro siku ya mvua, Jangwani hunihitaji nikueleze. Ni bonde pana na tambarare, na hapa ndipo ule mchanga wa Pugu unapolala. Kitanda cha mto kinapanda, nafasi chini ya daraja inapungua, na mvua kubwa ikija maji yanapita juu ya barabara. Mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, na karakana yake ikajengwa hapa hapa bondeni. Imefurika zaidi ya mara moja.

Tukasimama pembeni tukatazama. Siku ya jua ni mahali pazuri ajabu. Anga kubwa, kijani, watoto wanacheza mpira, magorofa ya Kariakoo yamejipanga kwa mbali. Ndiyo maana watu wanadanganyika. Bonde wakati wa kiangazi linapendeza kuliko kilima.

Sio kwamba jiji limelala. Mwaka 2018 wataalamu, viongozi na wakazi walianza kukaa pamoja kwenye warsha kupanga mustakabali wa bonde hili. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, Uholanzi na Hispania nao wakaingia. Mpango ni kuchimba na kupanua mto, kujenga daraja jipya la juu zaidi, kuwahamisha watu kwa fidia na kuligeuza bonde kuwa bustani kubwa ya jiji. Fidia ni jambo kubwa hapo. Desemba 2015 bomoabomoa ilipita kwenye bonde hili hili, na watu walilala nje na vyombo vyao mvuani.

Na msidhani haya ni mambo ya uswahilini peke yake. Nenda Msasani, kuna mtaa unaitwa Bonde la Mpunga. Jina limesema lenyewe. Mpunga unataka maji yaliyosimama. Leo pana maduka na nyumba za watu wenye nafasi, na mvua ikinyesha maji bado yanakuja kutafuta mpunga wao.

Salender, kilomita ya mwisho

Jioni tukafika Daraja la Salender. Upepo wa bahari, mikoko, Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022 likiwaka taa kwa mbele, wapenzi wanapiga picha. Mahali pa kimahaba kabisa, nami nililipia mishikaki kama nilivyoahidi.

Lakini hata hapa kuna somo. Maji yalipokuwa yakijaa tuliona mto unasimama, kisha kama unarudi nyuma. Mvua kubwa ya Pugu ikikutana na bahari iliyojaa, maji hayana pa kwenda. Yanasubiri. Na mahali pake pa kusubiria ni Jangwani na Kigogo, kwa yule mama wa vitumbua.

Mwenzangu akasema taratibu, "Jumanne tukitoka kazini twende tena kiwanjani. Bila dalali."

Mfuko wa rambo juu ya mti

Jumanne tulimkuta mzee mmoja anachunga mbuzi karibu na kile kijito chetu. Tukamwamkia, tukamwambia sisi ndio tunaotaka kununua hapa. Hakusema neno. Akainua fimbo, akaelekeza juu ya mwembe. Kwenye matawi, juu kidogo ya kichwa cha mwenzangu, ilikuwa imenasa mifuko ya rambo na vitambaa.

"Hivyo havikupelekwa na upepo, wanangu."

Kisha akasogea hatua chache, akakwaruza mchanga kwa fimbo. Ikatokea kona ya tofali. Halafu tofali la pili. Ulikuwa msingi wa nyumba. Mtu kabla yetu alishawahi kulipa, akaanza kujenga, na mto ukamzikia msingi wake. "Dalali huwa anawaleta kiangazi," mzee akasema.

Kwenye gari hatukuwasha redio. Baada ya dakika kama kumi mwenzangu akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia. Kwamba alikuwa anaharakisha kwa sababu mama yake kila akipiga simu anauliza, unaoa, utamweka wapi mke? Alitaka siku ya posa awe na jibu. Nami nikamwambia ukweli wangu: siku ile ya kwanza niliuona ule kijito nikakaa kimya, kwa sababu sikutaka kumvunja moyo mbele ya mtu. Ukimya wangu na haraka yake ndivyo vilivyokaribia kutununulia mto.

Kishika uchumba hakikurudi. Kiliuma, lakini nikakumbuka utafiti wa Benki ya Dunia uliotoka mwaka 2019 kuhusu mafuriko ya Dar ya Aprili 2018. Kaya zilizoathirika zilipoteza kwa wastani asilimia 23 ya kipato cha mwaka. Kwa mfanyakazi huo ni kama mshahara wa miezi mitatu. Zaidi ya robo tatu ya hasara ilikuwa mali kuharibika. Na kaya maskini ndizo zilizokuwa na nafasi ndogo ya kusimama tena.

Kuna namba nyingine ambayo mwenzangu ameiandika kwenye karatasi na kuibandika jikoni. Ukisikia "mafuriko ya miaka 50", usidhani yakishapita unapumzika miaka 50. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi mbili katika mia. Kaa hapo miaka 25, ukilea watoto mpaka wamalize chuo, na uwezekano wa kuyapata angalau mara moja unafika kama asilimia 40. Nani anaingia kwenye ndoa akiambiwa hivyo?

Tumepata kiwanja kingine, mita 15 kwa 20, juu ya kilima, bei ya kuumiza. Harusi imesogea mbele na bado tumepanga Sinza. Sasa tunabishana kuhusu pevingi. Yeye anazitaka, mimi nataka majani na tanki la kukinga maji ya paa. Paa la mita za mraba 100 linajaza tanki la lita 5,000 kwa mvua ya milimita 50, na hizo ni lita 5,000 ambazo hazitashuka Kigogo. Juzi amekubali majani nusu. Nusu nyingine nitaipata taratibu.

KABLA HAMJASAINI

• Nendeni kiwanjani mara mbili: mara moja na dalali, mara moja wenyewe. Kama mnaweza kusubiri, nendeni masika.

• Waulizeni majirani watatu, hasa wazee, maji yalifika wapi mwaka 2011 na 2018. Ombeni mwonyeshwe ukutani.

• Tazameni juu ya miti na nyaya za uzio. Taka zilizonasa juu ni alama ya maji.

• Majani mabichi wakati wa ukame, matete, au jina la mtaa lenye mto, bonde au mpunga ndani yake: ulizeni maswali zaidi.

• Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pimeni kwa hatua, kisha mkathibitishe ofisi ya ardhi ya manispaa.

• Ufuateni mtaro mpaka mwisho wake. Kama hauendi popote, unakuja kwenu.

• Halafu muulizane wenyewe: maji yetu yakitoka hapa, yanamfikia nani?